Pete ya Dhahabu kwenye Biri ya Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi 2019

Leo tena nimevuta biri nimeificha kiganjani, kama mwanafunzi nyuma ya choo. Nina miaka sitini na mmoja. Fundi saa mstaafu. Mji wetu wote wa Tamboril unakula kwa tumbaku, na mimi naona haya kuivuta.

Chanzo ni Wilfrido Marte. Amerudi kutoka New York, na kila alasiri tukicheza dhumna barazani kwa Chepe muuza duka, anawasha biri nene, nyeusi, yenye pete ya karatasi ya dhahabu. Yangu haina pete. Ni laini, rangi ya kahawa ya maziwa, ya bei ya mtu wa kawaida. Ladha yake kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Naipenda kupita kiasi. Wilfrido akauliza, kwa upole kabisa, kama ni daktari aliyeniandikia. Wakacheka wote. Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata mpango. Wilfrido alipokwenda haja nikaiba pete kwenye kisahani cha majivu. Imeungua ukingo kidogo. Nyumbani nikapika uji mzito wa kuibandikia kwenye biri yangu. Nereida, mke wangu, akauliza sufuria ya nini. Nikasema tumbo. Akanichemshia majani machungu, akasimama hapo hapo mpaka nikamaliza kikombe.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Biri ninazozificha anazisokota yeye. Miaka ishirini na sita yuko kiwandani, benchi moja, dirisha moja. Kila Ijumaa ananiletea fungu kwenye gazeti.

Pete imekaa vizuri. Ukiwa mbali.

Alhamisi, 7 Machi

Sijui niandikeje.

Nilifika kwa Chepe kifua mbele, biri mdomoni, pete inang'aa. Wilfrido akaiona. Akasema tubadilishane basi, tujue nani kapunjwa. Sikuwa na pa kupita. Nikachukua yake nyeusi, naye akachukua yangu.

Mivuto mitatu tu. Jasho likanitoka masikioni. Vipande vya dhumna vikaanza kuogelea mezani. Wilfrido alikuwa amefumba macho, anatoa moshi polepole kama mtu anayesali.

"Mzee Eligio," akasema, "hii kaisokota nani? Mbona tamu hivi?"

Hapo ndipo ningeweza kuwa mwanamume. Nikasema fundi mmoja mkubwa wa mjini Santiago, hamumjui. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba zile za kiwanda chetu ni za wagonjwa na wanawake waliojifungua juzi.

Chepe akakohoa. Nikageuka. Nereida alikuwa nyuma yangu, kikapu mkononi, amefuata mchele.

Aliomba aione. Wilfrido akampa. Akaitazama ile ncha iliyofungwa kwa kipande cha jani, anavyofunga yeye peke yake. Akaing'oa pete kwa ukucha, akaipuliza, akaiweka mezani mbele yangu.

"Uji umezidi maji," akasema.

Akanunua mchele wake akaenda. Nikainuka nimfuate, nikatapikia chungu cha maua cha Chepe.

Ijumaa, 8 Machi

Fungu halikuja. Mezani ndizi za kuponda na yai. Nilimwambia nisamehe. Akasema yai litapoa.

Jioni Wilfrido akabisha hodi. Nikadhani amekuja kunicheka. Kumbe alimwulizia Nereida. Alisimama mlangoni kofia mkononi, akakiri kwamba zile nyeusi zinampandisha moyo mbio, anavuta robo na kutupa akifika kwake. Amezishikilia kwa sababu mtu aliyerudi toka ng'ambo anatazamwa. Akamwomba amuuzie za kila siku, kama zile.

Yeye kaomba bila haya, mbele ya mlango wangu. Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza, nimeshika kitambaa cha vyombo.

Alipoondoka, Nereida alikaa kitako kando yangu. "Ungesema tu ni zangu, Eligio," akasema. "Ungepungukiwa nini?" Nikalia kidogo. Akaniwekea biri moja karibu na kahawa. Nimeivuta yote ukumbini kwetu, mlango wazi, kila mpita njia aone. Sijawahi kuvuta kitu kitamu kama hicho, wala kujiona mdogo vile.

Jumapili, 10 Machi

Baraza zima sasa linavuta biri za Nereida. Wilfrido anazisifu kana kwamba kazivumbua yeye. Chepe ameomba mafungu mawili ya dukani. Jina la mke wangu liko kila mdomo, nami nimekaa pembeni napanga vipande vya dhumna.

Kwa hiyo nikasema. Sikukusudia. Nikasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba miaka hiyo, tulipooana, ni mimi niliyemfundisha kusokota.

Wakaniinamishia vichwa kwa heshima. Kisha Wilfrido akasema itakuwa fahari kubwa kuniona kazini. Jumamosi ijayo, hapa barazani, yeye ataleta majani na ubao. Nereida naye aalikwe.

Nimekubali.

Nina siku sita. Kusokota jani na kutengeneza saa ni mambo ya vidole tu, sioni ugumu wake.