Fundi Leo na Mashine Yenye Haja Ndogo

Leonidas alikuwa kwenye njia panda ya Mkiwa, anapuliza chai na kusubiri riziki ya mtu mwingine impitie, aliposikia dereva wa lori akisimulia. Kule Ziwa Kitangiri, mashine ya boti ya kijiji imeanza kulia piii kila ikiwashwa, na watu wanaiogopa kama chatu.

Akaweka kikombe chini. Mashine ya boti hakuwahi kuigusa, lakini woga wa watu alikuwa na ufundi nao wa miaka ishirini. Tena Mwanza kulikuwa na mvuvi, Bonifasi, mwenye viganja vipana kama makasia, aliyemwagiza mashine ya namna hiyo na hakuwa na desturi ya kuuliza imetoka wapi. Alikwisha kumpa hata viatu vya ngozi, viwe kishika uchumba.

Leonidas akapanda baiskeli yake, kitu pekee maishani alichokipata kwa jasho, akaenda.

"Naitwa Fundi Leo," alimwambia katibu wa kijiji, Melkizedeki. "Leo ni leo, asemaye kesho mwongo. Mgonjwa yuko wapi?"

Katibu alitaka kumkumbatia. Jumamosi wageni wa wilaya walikuwa waje kupanda boti, na walikwisha sema: kijiji kisichoweza kutunza mashine kitanyang'anywa, ipelekwe kwingine. Bila mashine, samaki watafika gulioni wananuka, na katibu mwenyewe atarudi kushika jembe, jambo alilolihubiri kila siku bila kulitamani.

Boti ikasukumwa majini, mashine ikawashwa. Piiiii! Leonidas akafumba macho, akatikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuliona jeneza.

"Hii ni filimbi ya mauti. Ikilia mara saba, inalipuka. Imelia mara ngapi?"

"Sita," katibu akasema.

"Basi izimeni, ndugu zangu!"

Ikazimwa.

"Dawa yake iko Mwanza," Leonidas akaendelea. "Mashine nitaipeleka mwenyewe, Ijumaa iko hapa. Baiskeli yangu naiacha rehani. Mwizi gani huacha baiskeli?"

Mama Redempta, mfugaji mwenye mvi kichwa kizima, alikuwa amesimama kando ya maji. Fundi alimpita mara tatu bila shikamoo, naye alikuwa amezihesabu.

"Baba fundi, mbona haikojoi?"

"Nini?"

"Ilipoletwa ilikuwa inakojoa hapa nyuma, maji membamba, muda wote inaponguruma. Sasa pakavu. Hata ng'ombe wangu akizibwa haja ndogo hulia."

Watu wakacheka. Leonidas akawazidi wote. "Mama, hii ni mashine, si mtamba! Wewe kasonge ugali."

"Sawa, baba. Na kuku nitakuchinjia."

Akachinja kweli. Fundi alipoketi mbele ya paja la kuku na nyuma ya hotuba ya katibu, iliyokuwa ndefu na yenye kelele, Redempta alichomoa spoki moja kwenye baiskeli ya rehani. Yeye na Naftali, mwendesha boti, wakapiga kasia hadi nyuma ya matete.

Kwa spoki ile, Redempta akachokonoa kile kitundu cha nyuma. Likadondoka tope gumu, kiota cha nyigu. Naftali akawasha. Piiiii! Mara ya saba.

Hawakulipuka.

"Zima. Sasa tuangalie inapokunywa," Redempta akasema.

Chini, kwenye matundu ya kuvutia maji ya kuipoza mashine, majani ya ziwa yalikuwa yameshindiliwa kama kizibo. Wakayang'oa, wakaiacha mashine ipoe, wakawasha tena. Mkojo ukaruka, mwembamba, umenyooka. Filimbi kimya.

"Tukamkamate!" Naftali akasema.

"Wa nini? Mgeni kaomba mzigo wa chuma. Tumpe."

Jioni hiyo Leonidas alikabidhiwa gunia refu, limeshonwa kwa katani "lisiingie vumbi." Akalipapasa: zito, baridi, lina ncha. Akaondoka nalo juu ya lori la pamba, kijiji kizima kinampungia mikono, mpaka huruma ikamjia. Akaikemea, ikamtoka.

Jumamosi ile wageni walivuka ziwa mara mbili na mashine ikabaki mali ya kijiji. Usumbufu ulikuwa mmoja tu: Mama Redempta alikataa kushuka kwenye baiskeli ili awasalimie.

Lakini mapema zaidi, Jumatano, huko Mwanza, Bonifasi alikata uzi wa gunia. Akatoa plau bovu la ng'ombe. Juu yake palifungwa spoki moja na karatasi ya daftari la kisomo cha watu wazima, herufi kubwa, zimekaa upande:

FUNDI, MASHINE ILIKUWA NA HAJA NDOGO TU. WEWE NENDA KALIME.

Bonifasi aliisoma polepole. Kisha akainamisha macho hadi kwenye miguu ya Leonidas.

"Kaka, sikiliza," Leonidas akasema, "mashine ninayo. Leo wamekosea mzigo. Nitakuletea kesho..."

"Kesho?" Bonifasi akanyoosha kiganja. "Si wewe husema, asemaye kesho mwongo? Vua viatu."