Mikono Miwili ya Mgombea

Jumapili, 7 Septemba 2025
Nimepigwa. Kanisani! Kwenye mnada wa mazao baada ya ibada, mimi na Philemoni tuligombea mkungu wa ndizi. Tukavutana. Akanisukuma, nikakalia trei ya mayai ya Mama Tabea. Kiwiko kimechubuka. Nimefurahi sana. Jumapili ijayo tunagombea uenyekiti wa kwaya, mimi na yeye tu, na mtu mwenye kesi kubwa nani atamchagua?

Jumatatu, 8 Septemba
Kituoni. Koplo Brenda, ambaye ni sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu, amenipa PF3, fomu ya polisi ya kujazwa na daktari, niipeleke hospitali. Kesi itaitwaje? Akasema inategemea daktari ataandika nini. Kusukumwa tu ni shambulio la kawaida. Ukiumia, ni shambulio la kudhuru mwili. Ili yawe madhara makubwa, awepo mtu aliyepata ulemavu, kovu baya la kudumu, au kiungo kilichoharibika moja kwa moja. Basi. Viungo ninavyo vingi.

Jumatano, 10 Septemba
Nimemwambia Daktari Salha mkono wa kulia umekufa. Akauliza mbona nimempa fomu kwa mkono huohuo. Nikahamia wa kushoto. Akasema uliochubuka ni wa kulia. Nikasema basi yote miwili. Kaandika anachojua yeye, hakunionyesha. Nimefunga mikono yote kwa khanga za mke wangu, Pudensiana. Ananilisha kwa kijiko, huku amenuna.

Jumapili, 14 Septemba
Uchaguzi. Mchungaji akasema tupige kura kwa kunyoosha mikono. Hili sikuliwaza. Philemoni kumi na moja, mimi kumi na moja, na kura yangu imefungwa kwenye khanga. Mara Philemoni akasimama, akaniomba msamaha mbele ya watu, akasema ananiachia uenyekiti kwa ajili ya mikono yangu. Kanisa zima likapiga makofi. Na mimi nikapiga, tena kuliko wote. Khanga zilikuwa chini. Brenda alikuwa mstari wa mbele.

Jumatatu, 15 Septemba
Mwenyekiti ni Philemoni. PF3 inasema mchubuko mdogo. Brenda amenionya kuhusu taarifa za uongo. Philemoni mwenyewe amekuja kunipa pole, akanichua kiwiko. Nimeona aibu, kweli. Nimekaa nikatafuta kosa langu liko wapi, nikalipata: mikono inaonekana. Je, sikio? Nani atajua kama linasikia?

Pudensiana ameniita mezani mara tatu. Siitiki. Ugali unapoa.