Sifa Mbili, Mais Moja

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya misa Maman Lucie, mkuu wa kwaya, ametangaza kalenda ya mwaka ujao. Kichwa chake neno moja tu: KWETU. Picha kumi na mbili za ndani na moja ya jalada, zote kutoka klabu yetu ya wapiga picha. Jalada! Mwaka mzima ukutani, karibu kila nyumba ya Bagira, mtaa wa parokia yetu.

Nimefika nyumbani, nimemwambia mama kwamba jalada ni langu. Hakuuliza mengi. Amepanda kiti, ameshusha kalenda ya mwaka huu ingawa bado haijaisha, ameacha msumari mtupu juu ya redio. Nimekula chakula cha mchana nikiangaliana na huo msumari. Nisipopata jalada sijui nitakaa wapi wakati wa kula.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepiga hesabu ya maadui. Wawili. Adèle, mshonaji, jicho lake linaona hata uzi uliopinda. Na Jean-de-Dieu, mwalimu wa jiografia, mtu mpole, jambo ambalo linanichosha.

Kila Jumatano klabu inakaa kukosoana. Papa Floribert, rais wetu, ameandika sheria ukutani kwa chaki: SIFA MBILI, MAIS MOJA. Hiyo mais ni ile ya Kifaransa, yaani lakini. Picha ya mwenzako unaipa sifa mbili kwanza, halafu inapata mais moja tu kutoka kwa klabu nzima, mtu asirudi nyumbani analia. Kabla ya sheria hii kuna mwenzetu alipewa mais saba kwa jioni moja. Aliuza kamera, sasa anafuga sungura.

Mpango: nitawahi kutoa mais kwa picha za hao wawili. Ushauri wa kujenga, ila wenye kubomoa. Nimeandika kwenye daftari: Adèle, mais moja. Jean-de-Dieu, mais moja. Mama ameliona, akasoma maïs, mahindi ya Kifaransa hichohicho, akaniuliza kwa nini nawagawia watu mahindi mojamoja kama bahili, na kama ni ya kuchoma au ya kuchemsha. Nimesema ya kuchoma.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeshuka Nguba asubuhi na mapema, nikasimama kando ya ziwa. Maji yametulia, ng'ambo milima mirefu yenye matuta yaliyopangwa vizuri sana. Nimepiga picha arobaini. Katikati ya kazi simu imelia. Ujumbe wa kampuni ya simu, unanikaribisha katika nchi jirani. Hapa kando ya maji simu zinachanganyikiwa kila siku. Nimeufuta, nikaendelea.

Nyumbani nimechagua picha moja, nimeanza kuisafisha. Nimekata mabati ya nyumba za pale upande wa kushoto. Nimekata nguo zilizoanikwa, pamoja na suruali moja ya kijani iliyokuwa inaharibu kila kitu. Imebaki ncha ndogo ya Botte, ile rasi yetu inayoingia ziwani. Nimeiacha kwa huruma.

Jumatano, 9 Oktoba

Mkutano. Adèle ameleta mji wetu unavyoonekana kutoka Bagira, alfajiri, na ukungu. Picha nzuri. Nimeumia kabisa. Nimeinuka wa kwanza: ukungu ni mzuri, mpangilio ni mzuri, mais arudi saa sita mchana, mwanga uwe wa kutosha. Kila mpiga picha anajua kwamba jua la saa sita linalaza vitu vyote kama chapati. Ameandika neno kwa neno.

Jean-de-Dieu ameleta Botte kutoka juu. Nimemsifu mara mbili, halafu nikamwambia Botte imeshachoka, iko mpaka kwenye vikombe, aende Miti akapige mashamba. Miti ni nje ya mji, kichwa ni KWETU, watamtupa pamoja na maharage yake. Amenishukuru kwa mikono miwili. Nimeona aibu kidogo. Ikapita.

Kisha yangu. Adèle amesifu maji, amesifu utulivu. Mais yake: nirudishe mabati na nguo, maana picha inakosa mwenyewe. Wivu mtupu! Anataka nibebe suruali ya kijani mpaka kwenye jalada. Jean-de-Dieu naye akainua kidole, akasema kuna kitu kimoja kuhusu ile milima. Nikamwonyesha ukuta. Mais ya picha hii imeshatumika. Papa Floribert akakubali kwamba sheria ni sheria, na mwalimu akakaa. Nimeipenda sana hiyo sheria.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ili Adèle ajue kwamba mimi si mtoto, nimekata na ile ncha ya Botte. Sasa ni maji na milima tu. Usafi.

Saa sita mvua imeshuka ghafla upande wa ziwa. Nimemfikiria Adèle juu kule Bagira na kamera yake, amelowa. Nimekula vizuri leo, hata msumari sikuuangalia.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika haraka kabla sijabadilisha mambo kichwani.

Picha zimepangwa kwenye meza ya parokia. Maman Lucie amevaa miwani. Kwanza ameona ya Jean-de-Dieu: wamama wa Miti wanarudi shambani na vikapu mgongoni, mlima wa Kahuzi nyuma umetoka nusu kwenye wingu. Halafu amesema kwa sauti ndogo, "Miti ndiko nilizaliwa. Hapa ni kwetu yenyewe." Ikapewa mwezi wa sita, mwezi wake wa kuzaliwa.

Kisha ya Adèle. Saa sita kamili, kama nilivyomwagiza. Mvua nyeusi imefunika nusu ya ziwa, na nusu nyingine jua linapiga mabati ya mji wote, yanawaka mpaka unataka kufunga jicho. Hata mimi nilisahau kuichukia kwa dakika nzima.

Halafu yangu. Maman Lucie ameivuta karibu, ameisukuma mbali, ameivuta tena.

"Akili, mutoto yangu, hapa ni wapi?"

Nikajibu kwamba ni ziwa letu.

"Ziwa, sawa. Na hii milima? Hii iko Rwanda. Ule mutu analima pale juu, iko analipa kodi Kigali. Sasa kwetu iko wapi ndani ya hii picha?"

Nikasema ukweli, kwamba hiyo niliikata siku ya Ijumaa.

Wamecheka mpaka mpiga kinanda akaja kuuliza kuna nini. Jean-de-Dieu peke yake hakucheka. Amesema kwa upole kwamba ndicho alichotaka kuniambia Jumatano, mais sheria ilimzuia. Nimetamani meza ya parokia inifunike.

Jalada likaenda kwa Adèle, na ubaya haukuishia hapo. Adèle amesimama, ameshika jalada lake mkononi, akatangaza mbele ya wote kwamba bila Akili asingerudi saa sita. Jean-de-Dieu akasema bila Akili asingefika Miti. Papa Floribert akafuta machozi, akanitangaza mshauri mkuu wa klabu. Makofi. Nimeinama kama mtu mnyenyekevu. Nilikuwa natafuta mlango.

Jumapili, 1 Desemba

Kalenda imetoka. Nimeileta nyumbani imekunjwa, nikijua mwisho wangu umefika. Mama ameitazama mbele, mabati ya Adèle. Ameigeuza nyuma. Kule chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za dawa ya kikohozi: Mshauri wa picha, Akili. Amesoma mara tatu kwa kidole. Kisha amepanda kiti na kuitundika kwenye msumari, mgongo mbele, uso ukutani. Tangu mchana ameshaita majirani wanne kuja kusoma. Hakuna atakayejua tarehe katika nyumba hii mwaka mzima.

Nimekaa chini yake na kufikiri kwa makini. Kosa langu nimeliona. Niliwapa ushauri mzuri kwa bahati mbaya. Mwaka ujao, nikiwa mshauri mkuu, sitakuwa mzembe hivyo. Adèle nitampeleka usiku. Jean-de-Dieu nitamtuma Bunyakiri, mbali kuliko Miti.

Pia nimeandika pendekezo langu la kwanza kwa klabu: picha ya mshauri mkuu haipewi mais hata moja.

Kesho nashuka tena Nguba. Kuna kilima kingine pale ng'ambo, sijakipiga bado, na hakina suruali ya mtu yeyote.