Ndoo Sita na Kiti cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji, yaani bosi wangu, ametangaza! Mkaguzi anakuja Alhamisi. Atakayeipanga vizuri stoo ya kemikali atakuwa mkuu wa stoo na kupewa kile kiti cha dirishani. Miaka tisa nakitamani! Nitatazama mawingu mpaka saa ya kutoka. Mpinzani ni mmoja tu, Mama Mizani, mpimaji wa dawa. Hatembei bila kitabu cha usalama kwapani. Mimi nina jicho la urembo.

Jumanne, 4 Machi
Mama Mizani anataka kila dawa ikae na kundi lake. Za kushika moto kivyake, za kuunguza ngozi kivyake. Eti asidi na klorini zikichanganyika hutoa hewa ya sumu. Nikamwambia mbona hata mawifi hugombana na bado hukaa nyumba moja. Akaniuliza kama nimechoka kuishi. Wivu tu! Nitapanga kwa rangi.

Jumatano, 5 Machi
Mama Mizani alipoenda kula, nikafanya kweli. Klorini, mapipa ya bluu. Asidi, ya kijani, bega kwa bega nayo. Madebe ya spiriti dirishani, yang'ae. Vibandiko vya mafuvu nimevigeuzia ukutani, vinatia huzuni. Jua likaingia, sakafu ikawa bluu. Nikasimama pale mpaka nikasahau njaa. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi alifungua mlango. Akaufunga. Akarudi nyuma hatua tatu, akauliza nani anavuta sigara hapa. Wote nje, kwa muda wa saa tatu nzima! Pipa moja la asidi lilikuwa linavuja. Bado kidole kimoja lifikie klorini. Shemeji alisema ningetuzika wote. Niliogopa, kweli kabisa. Mama Mizani alivaa glavu, akapanga upya. Kiti kapewa yeye. Na amekigeuza kilipe dirisha mgongo, eti aione stoo! Roho imeniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji hajanifukuza, anamwogopa dada yake, ambaye ni mke wangu. Kanipa kazi isiyo na madhara: kutunza ndoo za mchanga wa kuzimia moto. Nisiguse kingine. Nikaapa kwamba nimekoma.
Ndoo sita nyekundu, nje, chini ya dirisha lile lile. Mchanga laini. Jua la asubuhi.
Nimeshapanda alizeti. Maji nimemwagia. Zikirefuka zitachungulia ndani, na Mama Mizani atakigeuza kiti mwenyewe.