Mkaguzi na Vishimo Sita

Jumatatu, 3 Juni

Mashati matatu ya sare za shule yamefika mezani kwangu bila kifungo cha katikati. Nimeyarudisha. Mama Vifungo, mshonaji wa vifungo wa karakana nzima, akaja mbio kuniuliza kama mdomo huu nilizaliwa nao au niliununua. Nikamjibu kwamba mkaguzi hana rafiki. Tukagombana mpaka chai ya saa nne. Wenzake wakaenda kwenye benchi lao chini ya dirisha, wakacheka. Mimi nimekunywa maji mezani, upande wa stoo, nikitazama ukuta.

Bosi kasema shule imelalamika. Nimepata wazo. Nitakomesha makosa. Watanishukuru. Watanisogelea, au watasogea kwenye benchi nipate pa kukaa, vyovyote vile.

Jumanne, 4 Juni

Nimechonga vibao! Kila kibao vishimo sita, kila kishimo kifungo kimoja. Shati likiisha, vishimo vyote viwe vitupu. Kifungo kikibaki, shati lina kasoro. Hata anayesinzia hawezi kukosea.

Bosi kafurahi. Kasema sasa hakuna kisingizio, mshonaji atakayeleta shati bila kifungo ataondoka. Fundi Kola, bingwa wa kola na wa kujipendekeza, akasema vibao vyangu ni vya kutagia mayai. Benchi zima likavunjika mbavu. Wivu tu! Nimejikata vidole viwili kwa patasi. Hakuna aliyeuliza.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi! Kutwa nzima, hakuna kasoro hata moja. Mashati yameletwa, yakawekwa, walioyaleta wakaondoka. Mama Vifungo hakuja. Aje kufanya nini? Neno pekee nililotamka leo ni "pita", na nimeliambia shati.

Hakuna aliyesogea kwenye benchi. Nilipofika chumbani nikawasha redio ili kuwe na mtu. Nina upweke, basi. Nimeandika, na hakuna anayesoma.

Alhamisi, 6 Juni

Nimewaza. Kasoro ndogo haiui. Na bosi leo hayupo.

Nikachukua shati zima kabisa, nikakata uzi kwa mkasi, kifungo nikakitia mfukoni, nikamwita Mama Vifungo kwa sauti ya kazi. Akaja! Mikono kiunoni! Akasema kibao chake kilikuwa kitupu, kwa hiyo nimepofuka. Nikasema kibao hakisemi uongo, lakini binadamu je? Kanifokea hadi hasira zikamwisha, akaanza kunisimulia goti la mama mkwe wake, linaloanza kuuma kila mvua ikikaribia. Mpaka sasa halijakosea. Goti lenye ubora!

Siku tamu kuliko zote mwaka huu. Mchana nikakata vifungo vingine viwili.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa. Bosi karudi, kayaona mashati matatu, kamwita Mama Vifungo mbele ya wote na kumwambia avue aproni. Akajitetea kwamba vibao vyake vilikuwa vitupu. Akaanza kulia. Nilitaka kusema ukweli. Nikainama, najifanya naokota sindano. Vifungo vitatu vikadondoka kutoka mfuko wa shati langu, vikabiringika hadi kwenye kiatu cha bosi. Kimoja kilizunguka muda mrefu sana kabla ya kulala.

Hata Fundi Kola hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Bosi akataka sababu. Nikasema ulikuwa ukaguzi wa kushtukiza. Mama Vifungo akanitazama, mashavu bado yamelowa. Nilijua nimekwisha. Akamwambia bosi asinifukuze, yeye mwenyewe atanigombeza kila siku bila kudai nyongeza. Bosi akaondoka akitikisa kichwa. Kisha Mama Vifungo akanivuta pembeni: kaka yangu, ukitaka maongezi, si uje tu? Benchi ni refu lile, tutasogea.

Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 10 Juni

Mtu haendi kwenye benchi mikono mitupu. Jumapili nzima nimechonga sinia la vikombe. Vishimo sita, kila kishimo kikombe kimoja. Kishimo kikibaki kitupu, ujue kuna mtu kakosekana. Kazi safi, nimepiga msasa mpaka kingo.

Saa nne nikalipeleka. Vikombe sita vikaingia sawasawa. Watu sita wa benchi. Hapo ndipo nikagundua kwamba sikujihesabu.

Mama Vifungo akasogea, akapigapiga nafasi ubavuni mwake, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Fundi Kola naye akasogea! Nafasi ilikuwa kubwa, mtu angekaa na kunyoosha mguu. Nikakataa. Kifuniko hakina kishimo, kingevuruga utaratibu wote. Nimesimama pembeni nikilisimamia sinia mpaka kengele ikalia. Chai ya kwenye kifuniko ikapoa, Mama Vifungo akaimwaga dirishani.

Nimerudi nalo nyumbani nilikague. Nimeweka kikombe changu. Vishimo vitano vitupu. Kwa mujibu wa sinia, chumbani kwangu wamekosekana watu watano.

Upuuzi! Sinia lina kasoro. Kesho nitaviziba hivyo vitano.