Vifurushi Saba Nyuma ya Nguru

Al Hail, Seeb
Alhamisi, baada ya sala ya alasiri

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, ambaye pia ni mdogo wangu, Khalil,
Bawshar.

Assalamu alaikum. Nakuandikia kwa kalamu na karatasi kwa kuwa njia nyingine zote nimekwisha kuzijaribu. Nimekutumia ujumbe wa sauti mara kumi na nne kwa WhatsApp, mwingine wa dakika tisa, na kila mmoja umenijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba si jawabu, Khalil. Barua hii ataileta Hadeel mkononi, na nimemwagiza mwanangu huyo asiondoke kwako mpaka akuone umeisoma yote.

Shauri lenyewe ni hili. Nyumba yangu imeingiliwa na uchawi, mama yetu amelishwa limbwata, na aliyemlisha ni Cissy, binti wa Kiganda uliyemleta wewe mwenyewe aje kumtunza, kwa visa yako na kwa sahihi yako. Naomba kwa heshima zote umkatie tiketi ya Entebbe kabla ya Jumapili. Najua utataka ushahidi, maana nyinyi wa serikalini hamfanyi kitu bila ushahidi, na hata mkiwa nao mnakawia. Basi nauweka hapa kwa nambari.

1. Vifurushi. Jumatatu hii jioni nilikuwa natafuta nguru kwenye friza. Nyuma ya nguru nikakuta vifurushi saba. Saba, si sita wala nane. Kila kimoja kimefungwa kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni mpaka likawa jeusi, na shingoni kimekazwa kwa ugwe uliochanwa kwenye mgomba huohuo, fundo juu ya fundo. Wewe umezaliwa Maskati, hakulaumu mtu. Mimi nimeondoka Unguja nikiwa na miaka kumi na miwili, na mtoto wa miaka kumi na miwili wa Ng'ambo anajua vizuri kitu kilichofungwa namna ile kimefungwa kwa ajili gani.

Nilimuuliza Cissy kwa upole, kama ninavyojulikana. Akanijibu, "Mama, hiyo ni luwombo. Ni kuku tu ya jjajja, nimemuwekea ya wiki yote." Jjajja ndiye mama, kwao maana yake bibi. Sasa fikiri kama mkurugenzi. Kama kile kingekuwa kifurushi cha uchawi, msichana angesema nini? Angesema ni kuku. Na kweli akasema ni kuku. Sijui unataka ungamo la namna gani tena.

2. Sufuria isiyofunuliwa. Vifurushi hivyo huwekwa ndani ya sufuria kubwa juu ya vikonyo vya mgomba, hufunikwa kwa majani, juu ya majani beseni, na juu ya beseni jiwe. Kisha Cissy hukaa pembeni muda wa saa tatu, na mtu yeyote asiguse. Siku moja nilitaka kuchungulia kidogo tu, akaniambia mvuke utatoka. Mvuke! Mimi niliyepika biriani ya harusi ya watu mia nne leo nafundishwa mvuke jikoni kwangu. Na mgomba wangu wa uani, alioupanda marehemu mume wangu, umebaki majani mawili, umesimama pale kama mtu aliyevuliwa kanzu sokoni.

3. Magoti. Kila akimpelekea mama chakula, Cissy hupiga magoti. Magoti yote mawili, juu ya marumaru. Anainamisha kichwa, ananong'ona kitu kwa Kiganda, mama anaitikia "Eeh". Ananong'ona tena, mama anaitikia tena. Mara nne tano, ndipo sahani inapoguswa. Namuddu, mwenzake anayefanya kazi nyumba ya jirani, aliniambia eti hizo ni salamu tu, kwao mwanamke hamsalimu mkubwa akiwa amesimama. Nimeishi na majirani wa kila namna hapa Hail na sijaona salamu yenye urefu ule. Tena, kama ni heshima kwa wakubwa, mbona mimi hanipigii magoti? Alinipigia siku ya kwanza, nikamwambia asifanye hivyo, na tangu hapo hakufanya. Hakunibembeleza hata kidogo.

4. Simu. Hiki ndicho chombo kikuu cha uchawi wa kisasa, nawe unacho mfukoni. Cissy ana bibi yake huko Masaka. Wakizungumza kwa video, humkalisha mama mbele ya simu. Mama hajui Kiganda, yule bibi hajui Kiswahili wala Kiarabu, na wanacheka. Juzi walicheka mpaka mama akatoa meno yake ya bandia akamwonyesha mwenzake, na yule naye akatoa yake. Watu wasioelewana lugha hawawezi kuchekeana nusu saa ila kuwe na kitu katikati.

Usidhani nilikaa tu nikaangalia. Nilipata nambari ya Maalim Majid, mtaalamu wa Wete, Pemba, ambaye siku hizi hana haja ya kupanda ndege. Anatibu kwa video. Nilimwonyesha vifurushi, akavitazama, akaniambia nisivifungue, atakayefungua ndiye atakayepatwa. Akanipa orodha ya vifaa: mvuje, habasoda, chumvi ya mawe, nazi, maji ya waridi na chetezo. Kwa sababu ya pumu yangu aliniruhusu chetezo cha umeme, kile cha kuchaji, akasema majini wa sasa nao wamekizoea. Kombe, yale maandishi ya kuoshwa kwa maji yanywewe, alinitumia kwa picha. Nikalichapa kwenye printa ya Hadeel, nikaliroweka kwenye maji ya waridi tangu asubuhi mpaka alasiri, na wino haukutoka hata tone. Maalim akasema hiyo ni dalili kuwa uchawi ni mkubwa. Nikazunguka chumba cha mama, mkono mmoja chetezo, mkono mmoja simu ili Maalim aone, mara taa ya chetezo ikaanza kuwaka na kuzima, nyekundu. Maalim akapiga kelele kuwa jini anasalimu amri. Hadeel akasema ni betri. Hadeel amesoma uhandisi, mambo ya ndani hawezi kuyaona.

Huenda ukaniuliza kuna tofauti gani kati ya vifaa vyangu na vya Cissy. Tofauti ni kuwa vyangu ni dawa.

5. Paka. Jana, kwa amri ya Maalim, nilivipeleka vifurushi sita Matrah nikavitupe baharini bila kutazama nyuma. Cha saba nilikibakisha kwa ajili yako. Kiko kwenye friza ndogo ya Hadeel, nimekiandika USHAHIDI kwa kalamu ya wino mzito. Mkono wangu si wa zamani, kwa hiyo vifurushi havikufika majini, viliishia kwenye mawe. Sikutazama nyuma, kama nilivyoagizwa, lakini nilisikia. Nilipofika kwenye teksi nilikuwa na paka tisa, wanajilamba, na mmoja akaingia ndani kabla yangu. Paka wa pale wanatupiwa samaki mchana kutwa, hawamfuati mtu. Hawa walinifuata mimi, kwa mapenzi. Kama hilo si limbwata, niambie ni nini.

6. Mama anakula. Hili ndilo kubwa, na nimeliacha mwisho kwa kuwa kuliandika ni kazi.

Unakumbuka alivyofunga mdomo baada ya kiharusi. Unakumbuka daktari alivyotuita akatuonyesha mpira wa kupitisha puani. Miezi minane nilikaa kitandani pake na kijiko. Nilimpikia bokoboko, nikampikia mchuzi wa papa, nikampikia uji wa kila namna, na alikuwa akinitazama kama anavyotazamwa mtu anayebisha hodi kuuza vitu. Wewe ulikuwa unakuja Ijumaa, unambusu kichwa, unaondoka, hukuyaona hayo. Kisha akaja msichana wa miaka ishirini na nne na kuku wake ndani ya jani, wiki yake ya pili tu, na mama akala. Akamaliza. Akauliza kama kuna kingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimshukuru Mungu, wallahi nilimshukuru, kisha nikaingia chooni nikalia, na machozi yale hayakuwa ya furaha yote.

Mtu mwenye akili zake hawezi kumkataa binti yake miezi minane akamkubali mgeni siku moja. Kwa hiyo ni uchawi. Nimelipima jambo hili kila upande na sina maelezo mengine ninayoweza kuishi nayo.

Uthibitisho wa mwisho: tangu Jumanne, nilipovizuia vifurushi na kumkataza Cissy kuingia jikoni, mama hajala kitu isipokuwa tende moja na maji. Maalim anasema hivyo ndivyo limbwata linavyotoka mwilini. Nami nataka kumwamini.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, tiketi, kama nilivyosema. Pili, atakayeletwa badala yake asiwe na uhusiano wowote na migomba. Tatu, kabla hajaondoka, Cissy apewe siku mbili apike vifurushi visivyopungua thelathini, vihifadhiwe kama vielelezo, endapo mama atapatwa na njaa shauri likiwa bado linasikilizwa.

Natumai utalipa jambo hili uzito unaoyapa mafaili yako ya ofisini, au hata zaidi kidogo. Nisalimie mkeo Manal, mwambie lile bakuli lake la kioo liko kwangu, salama. Wasalimie watoto wote, na Yaarub umwambie shangazi yake anamuulizia, kama anakumbuka kuwa ana shangazi. Hadeel anakusalimu. Cissy naye anakusalimu. Aliniona naandika, akasema nikuandikie, na mimi si mtu wa kuzuia salamu ya mtu.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni,
Jawaher

Nyongeza. Ijumaa, saa nane mchana. Bahasha nilikuwa sijaifunga.

Cissy yuko kanisani, maana huku nao husali Ijumaa, harudi mpaka jioni. Mama leo asubuhi aligeukia ukutani, midomo imemkauka, nikamwita hakugeuka. Niliogopa, Khalil. Nilimpigia Maalim, simu yake haipatikani. Nikaenda kwenye friza ya Hadeel nikautoa ushahidi. Nikautia kwenye mvuke kama nilivyokuwa nikimwona Cissy akifanya, na sikuifunua sufuria. Kisha nikalikata fundo.

Ni kuku. Ana mchuzi wa karanga na uyoga, na lile jani limempa harufu ya moshi ambayo hata mimi, niliyekuwa nimekasirika, nilisimama kidogo nikaivuta. Nikampelekea. Kitanda ni kifupi na mkono haufiki vizuri ukiwa umesimama, nikajikuta nimeshuka chini kwa magoti yangu haya mabovu. Ukiwa pale chini uso wa mama unakutazama sawasawa. Miezi minane nilikuwa nikimlisha kwa juu.

Alikula chote. Nami nilionja, vijiko viwili, kisha nikaramba jani. Kwa hiyo ushahidi umeliwa, na mlalamikaji amekula pamoja na mwathirika, na shauri kwa sheria yoyote unayoijua wewe limekwisha. Usikate tiketi. Kama umekwisha kuikata, ifute leo hiihii.

Lakini kuna jambo jingine, na hili usimwambie mtu, hata Manal. Alipomaliza, mama alinishika mkono akaniuliza, "Kupika wewe?" Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe, nilisema ndiyo. Akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Siku hizi ushajua kupika. Mie siku zote nnaona haya kukwambia."

Akacheka, akalala. Cissy akirudi nitamwomba radhi, kisha nitamwomba anifundishe kufunga kifurushi, maana mama ameshaagiza cha kesho, na anataka nikipike mimi.