Nusu Hatua Kuelekea Mzambarau

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Nyumba yetu imevunjwa leo. Miaka thelathini na moja ya kuishi ndani yake, saa tatu za tingatinga. Sikutegemea! Nilidhani zile kuta zingeleta ubishi kidogo. Zililala chini kama mgonjwa aliyechomwa sindano.

Mzambarau umebaki, peke yake mbele ya kifusi. Lazima ubaki, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kibali cha ujenzi. Kinasema mti uzungushiwe uzio wa nguzo na waya, mita saba kutoka kwenye shina, na ndani ya uzio asiingie mtu, wala tofali, wala mfuko wa saruji. Ya pili ni mke wangu. Aliupanda yeye, ukiwa mche ndani ya kopo la maziwa. Amehamia kwa mdogo wake mpaka nyumba mpya iishe, na mlangoni aligeuka akaniambia kwamba mti ukifa, yeye habanduki huko. Mimi nitabaki na veranda yangu niliyoililia mwaka mzima, na hiyo veranda initengenezee chai.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nieleze hapa jambo la mizizi, kwa kuwa nilifundisha baiolojia miaka ishirini na tisa na watu wengi hulikosea. Mizizi inayolisha mti haishuki chini kama msumari. Hutandaa karibu na uso wa ardhi, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, na hufika mbali kuliko matawi. Ukiegesha gari juu yake, udongo hugandamana, mizizi hukosa hewa, na mti hufa polepole. Miaka mitatu baadaye majani yanapukutika, na hakuna anayelikumbuka lile gari.

Nilimweleza hayo dereva wa tingatinga, dakika arobaini. Alisikiliza kwa adabu sana. Nilipomaliza ndipo nikaona kwamba muda wote huo tingatinga lilikuwa limeegeshwa kivulini, juu ya mizizi, injini ikinguruma. Nusura nizimie! Akasema aliliweka hapo ili mimi mzee nisipigwe na jua wakati naeleza.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Uzio umesimama. Una kibao chekundu: UZIO HUU USISOGEZWE. Baada ya hapo fundi akapiga vigingi vya nyumba mpya. Wanamwita Fundi Kamba, kwa sababu hajengi hata banda la kuku bila kuvuta kamba kwanza. Nimempenda. Mtu wa vipimo.

Jioni akaja jirani. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu, na mimi nilikuwa makamu wake miaka kumi na tisa. Tumestaafu wote wawili, lakini mtaa mzima humwita Mkuu, na mimi Makamu. Hata muuza maziwa! Veranda ya Mkuu ina viti vinane. Leo alivaa miwani, akaitazama ramani yangu, akauliza kwa upole kama kile kichumba cha mbele ni cha kuwekea ndala. Nikamwambia ni veranda.

“Ahaa,” akasema. “Ya kusimamia.”

Nimerudi kwenye banda la uani, ninakolala siku hizi, nikapima ramani upya. Mita moja na nusu! Kiti, magoti, basi. Na kosa ni la nani? La uzio. Kati ya uzio na veranda imeachwa hatua moja tu ya kupita. Uzio ungekaa mita mbili karibu zaidi na mti, veranda ingebeba viti tisa.

Tisa!

Nimepata wazo. Ofisa wa miti, anayekuja kukagua uzio, haji mpaka wiki ijayo. Kila alfajiri nitang'oa nguzo nne za upande wa nyumba na kuzisogeza nusu hatua kuelekea mti. Mabadiliko ya polepole hayaonekani. Mwalimu yeyote anajua. Mtoto hurefuka mbele ya macho yako mwaka mzima, siku moja ndipo unashtuka kwamba suruali imekuwa kaptula. Nafasi ikishapatikana nitamwambia fundi, kwa mshangao, kumbe kuna nafasi hapa! Mti hautadhurika. Hilo nimelifikiria kisayansi. Ninasogeza uzio, sisogezi mizizi.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Nguzo nne, nusu hatua. Mgongo unawaka moto, lakini kazi imefanyika kabla jua halijachomoza. Kibao nacho nimekisogeza, kwa heshima zote.

Asubuhi Fundi Kamba alinung'unika peke yake. Vigingi vyake vya jana havikumridhisha. Aling'oa vyote akapiga upya. Sikumjali, mafundi hunung'unika.

Jioni nimekwenda kupima nafasi yangu mpya. Nilitegemea hatua moja na nusu kati ya uzio na kigingi cha veranda. Nimekuta hatua moja. Nikapima tena. Moja! Macho yalinitoka. Nusu hatua yangu imekwenda wapi?

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Leo nilisogeza hatua nzima, kwa hasira. Jioni nimepima. Hatua moja, ile ile. Nimekaa juu ya rundo la matofali nikiwa nimepigwa na butwaa. Uzio haujarudi nyuma, kwa sababu mashimo ya zamani yapo na nimeyaona. Au mtu anaurudisha mchana na kunichimbia mashimo ya uongo? Ni nani mwenye akili ya namna hiyo mtaani?

Mkuu, bila shaka. Ana viti vinane vya kulinda.

Fundi naye ameomba ruhusa aende akapimwe macho. Ameniambia kwa huzuni kwamba katika miaka ishirini ya kazi hajawahi kukosea kigingi kimoja, na sasa kila akiamka amekosea nyumba nzima. Nilimhurumia. Nilimweleza jinsi lenzi ya jicho inavyopoteza ulaini umri ukienda, nikamchorea mchangani. Alinishukuru sana.

Nimetega mtego. Zambarau zilizoiva zinaanguka kwa wingi, na doa la zambarau halitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Nimezimwaga kuzunguka nguzo zote nne. Atakayegusa uzio nitamjua kwa miguu.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Nusu hatua ya mwisho. Jumla, karibu mita mbili!

Saa kumi nimemfuma Mkuu. Ndala zake zilikuwa za zambarau mpaka kwenye kanda. Nikamwambia, mbele ya mafundi wote, kwamba nimemkamata. Akauliza nimemkamata kwa kosa gani. Nikasema anajua mwenyewe. Akasema anachojua ni kwamba anaokota zambarau hapa kila msimu, kwa ruhusa ya shemeji yake, yaani mke wangu, na tangu Jumatatu anampelekea bakuli huko kwa mdogo wake.

Nilishtuka. Huyu mtu anaonana na mke wangu kila siku!

Kisha akaongeza, akiwa ameshatoka, kwamba shemeji huuliza habari za mti, na yeye humjibu kwamba mti ni mzima wa afya, ila uzio umekonda.

Umekonda! Nimeitazama miguu yangu. Ni ya zambarau mpaka kwenye vifundo.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Saa nne nilikuwa bandani na chai. Mafundi walikuwa wamefika upande wa mbele, wanachimba mtaro wa msingi. Nikasikia mmoja akipaza sauti kwamba kuna bomba hapa. Mwingine akasema si bomba, ni mti umezikwa. Wa tatu akasema leteni shoka.

Sikumbuki nilivyofika. Mzizi ulikuwa umelala katikati ya mtaro, mnene kama paja langu, gome limechubuliwa na sururu, mbichi, mwekundu ndani. Nieleze: mzizi wa ukubwa huo hushikilia mti wakati wa upepo na hulisha upande mzima wa matawi. Ukikatwa, haukui mwingine. Hayo yote niliyajua. Nimeyafundisha kwa chaki! Na shoka lilikuwa limeshainuliwa.

Niliruka mtaroni. Nililala juu ya mzizi, kifudifudi, na shati langu jeupe. Nikapiga kelele kwamba wakate mimi kwanza. Mwenye shoka alisema mzee, toka bwana, utatuletea kesi. Nikasema sitoki. Juu ya ukingo kikatokea kichwa cha Mkuu.

“Makamu, umepoteza nini humo?”

Niliomba magunia na maji. Nikaufunika mzizi kwa magunia yaliyolowa, maana mzizi ukikaa juani hata nusu saa hukauka ngozi. Kazi imesimamishwa. Fundi amempigia simu ofisa wa miti.

Jambo moja linanisumbua. Kwenye ramani, mtaro ule ni mita nane kutoka kwenye shina. Mzizi mnene kiasi hicho haupaswi kuwa umbali huo. Sayansi imeniangusha?

Jumatatu, tarehe 10 Februari

Ofisa amefika. Nilitegemea bwana mmoja mwenye kitambi. Akashuka mwanamke mwenye buti na futi kamba kiunoni, akasema, “Shikamoo Mwalimu.” Kidato cha tatu, dawati la dirishani! Nilimfundisha mimi.

Alipima kutoka kwenye shina hadi uzio. Upande wa barabara, mita saba. Upande wa Mkuu, saba. Upande wa nyumba, tano. Akauliza nani amesogeza. Akatazama miguu yetu, mmoja mmoja. Aliishia kwangu, akanionea aibu, akageukia pembeni.

Nikajitetea kwamba nilisogeza uzio tu, na nyumba ni mambo ya ramani. Hapo Fundi Kamba akaniuliza kama nina akili timamu. Kwani mimi nadhani anapima kutoka wapi? Nyumba ya zamani imevunjwa. Ukuta wa jirani umepinda. (Mkuu alikohoa.) Alama zote zimesagwa na tingatinga. Kiwanja kizima kina kitu kimoja tu chenye maandishi mekundu kwamba kisisogezwe.

“Ni huo uzio, mzee! Wameandika wenyewe wakubwa. Ningepima kutoka kwenye nini kingine?”

Nilikaa chini. Hatua moja kutoka kwenye uzio, ndipo veranda inaanza: hivyo ndivyo alivyofanya kila asubuhi, kwa uaminifu. Veranda yangu haikuongezeka hata unene wa kidole. Ni nyumba nzima, vyumba vitatu, jiko na choo, iliyokuwa ikitembea nyuma yangu kuelekea mti kama kondoo! Na fundi ameshanunua miwani.

Ofisa ametoa hukumu. Mtaro ufukiwe kwa mikono, udongo ule ule. Nyumba irudi mahali pake. Uzio urudi mita saba, na upande wenye jeraha uongezwe mita moja na nusu. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona hiyo ni veranda yote. Kilichobaki mbele ya mlango ni ngazi mbili. Kisha akanikumbusha kwamba zamani nilimpa kumi na moja kwa ishirini katika swali la mizizi. Leo yeye angenipa mbili: moja ya magunia, moja ya kuruka.

Nikauliza kama mti utapona. Alijibu kwamba utapona, ukiachwa. Alirudia hilo neno mara mbili, akinitazama.

Mke wangu alikuwa amesimama getini, sijui tangu lini, Mkuu pembeni yake na bakuli tupu. Akaja mpaka kwenye mtaro. Akainua gunia, akautazama mzizi muda mrefu, kama mtu anayetazama mtoto mwenye homa. Akaufunika. Akauliza kama ni kweli nililala humo. Nikasema ni kweli. Akauliza, na lile shati jeupe la harusi ya mwanao? Ndiyo, na hilo hilo.

Akasema nikachukue sanduku lake kwa mdogo wake. Banda linatosha watu wawili wasionenepa. Ila kwanza niweke mkono kwenye shina niape, mbele ya ofisa, fundi na Mkuu, kwamba sitaugusa uzio tena maisha yangu. Nikaapa. Machozi yalinitoka, na siyaonei haya.

Jumatano, tarehe 12 Februari

Amani. Mke wangu yupo. Jana aliumwagilia mti maji, nami nikamweleza jinsi maji yanavyopanda kwenye shina. Alisema anajua, nilishamweleza mwaka tuliooana.

Jioni hiyo Mkuu alipita na kiti chake kimoja. Akasema ameniletea, nikiweke kwenye ngazi. Akasema ni vizuri kuanza na kimoja. Nilimshukuru. Sikulala.

Nimemwona fundi akifanya kazi na miwani yake mipya. Ofisa amemkataza kupima kutoka kwenye uzio. Sasa anapima kutoka kwenye mti wenyewe. Msumari kwenye shina hauruhusiwi, kwa hiyo amepiga kigingi kidogo chini kando ya shina, amefunga kamba hapo, na nyumba nzima inahesabiwa kutoka kwenye hicho kigingi.

Kigingi. Si uzio.

Nimelipitia tena neno kwa neno lile nililoapa. Niliapa kuhusu uzio. Kigingi chenyewe ni chepesi, kinang'oka kwa vidole viwili, na mgongo wangu hauko tena kama zamani. Nikikisogeza kidogo tu upande wa barabara, mbali na nyumba, mbele ya mlango patapatikana nafasi. Kisayansi haiwezi kushindikana.

Mke wangu ameniuliza sasa hivi mbona nimeweka viatu karibu na mlango. Nimemwambia kesho alfajiri nataka kwenda kuutazama mti unavyoendelea. Amefurahi.

Nusu hatua tu. Nani ataona?